Wahispania Ni Akina Nani?

Jumamosi jioni ukipita Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tandale, utaona vibanda vya mabati vimejaa vijana. Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: Real Madrid na Barcelona, saa fulani, kiingilio kadhaa. Ndani kuna televisheni na makelele.

Siku moja tuliingia katika kibanda cha namna hiyo huko Mbagala. Jirani yetu kwenye benchi alikaa mzee mmoja Mzaramo. Yeye amekuwapo pale tangu Mbagala ilipokuwa mashamba ya mihogo na minazi. Alimwuliza mjukuu wake:

"Mwanangu, hawa mnaowashangilia ni watu gani?"

"Ni timu za Wahispania, babu."

"Nimesikia. Lakini ni watu gani? Asili yao wapi? Wanakula nini?"

Kijana akacheka. "Ah, babu! Mimi nawajua wachezaji tu. Na wengi wao si Wahispania, wametoka nchi nyingine."

Kabla mzee hajajibu, ukazuka ugomvi wa kugombea nafasi ya kukaa. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe umekuja juzi tu. Wa kuja huwezi kutupangia wenyeji. Rudi kwenu!" Watu wakanyamaza. Ugomvi ulikwisha, mpira ukaendelea. Lakini sisi tuliondoka na mambo mawili kichwani: swali la mzee na neno la yule kijana. Leo tutajibu swali la mzee. Mwisho wa somo tutaona kwamba neno la kijana nalo limo katika jibu hilohilo.

NCHI YAO

Hispania iko kusini-magharibi mwa Ulaya, jirani na Ureno. Ukubwa wake ni zaidi kidogo ya nusu ya Tanzania. Watu wake wanakaribia milioni 50. Mji mkuu ni Madrid, ulio katikati ya nchi, mbali na bahari, kama Dodoma yetu. Barcelona ni mji wa bandari na biashara, kama Dar es Salaam.

Upande wa kusini Hispania inatazamana na Afrika. Bahari inayowatenganisha na Moroko, mahali ilipo nyembamba kabisa, ina upana wa kilomita 14 hivi. Hapo karibu kuna mlima wa mawe uitwao Gibraltar. Jina hilo limetokana na Kiarabu, Jabal Tariq, yaani mlima wa Tariq. Sisi tunasema jabali. Ukiangalia vizuri, utaona neno letu limekaa ndani ya jina hilo la Ulaya.

WATU WALIOTOKA PANDE NYINGI

Je, Wahispania walizaliwa na nani? Jibu fupi ni hili: walizaliwa na wengi.

Zamani kabisa palikuwa na makabila mbalimbali. Mwaka 218 kabla ya Kristo wakaingia Warumi, wakaitawala nchi kwa miaka mamia. Wao ndio walioiita Hispania. Kutokana na lugha yao, Kilatini, ndipo kilipozaliwa Kihispania. Baada ya Warumi wakaja Wagothi kutoka kaskazini.

Kisha mwaka 711 jeshi la Waislamu, wengi wao Waberberi wa Afrika Kaskazini, lilivuka bahari likiongozwa na Tariq bin Ziyad. Ndiye huyo aliyeachia jabali jina lake. Katika muda mfupi sehemu kubwa ya nchi ikawa chini yao. Utawala wa Waislamu ulikuwapo huko, mahali fulani mahali fulani, kwa karibu miaka 800, yaani mpaka mwaka 1492.

Tusidanganyane kwamba miaka hiyo yote ilikuwa ya amani. Vita vilikuwa vingi, na Wakristo na Wayahudi walitozwa kodi ya pekee. Hata hivyo watu wa dini tatu waliishi jirani, wakauziana, wakafundishana. Mji wa Córdoba ulisifika kwa vitabu na waganga wake. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa katika miaka ya 780, na nguzo zake ni zaidi ya 800. Jengo hilo liko mpaka leo, ila tangu mwaka 1236 ni kanisa.

Kuna msafiri mmoja aliyeona kwao na kwetu pia. Ni Ibn Battuta, mtu wa Tangier huko Moroko. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akaandika habari za mji wa Kilwa na sultani wake. Miaka kama 20 baadaye alivuka bahari, akafika Granada, mji wa Waislamu wa Hispania. Kwa hiyo kabla ya ndege na televisheni, macho ya mtu mmoja yalikuwa yameziona Kilwa na Granada.

MANENO YALIYOPIKWA CHUNGU KIMOJA

Kiswahili kilichukua maneno mengi kutoka Kiarabu. Kihispania nacho kilifanya hivyo hivyo. Ndiyo maana Mhispania akitaja vitu vya jikoni, mama wa Temeke anaweza kukisia baadhi yake. Tazama:

Sisi tunasema sukari, wao wanasema azúcar.
Sisi zaituni, wao aceituna.
Sisi zafarani, wao azafrán.
Sisi limau, wao limón.

Ile "a" ya mwanzo katika maneno matatu ya kwanza ni mabaki ya "al" ya Kiarabu. Wao walilibeba neno pamoja na kofia yake, sisi tukaiacha kofia.

Si maneno ya jikoni tu. Kadhi wetu ni mwamuzi wa mambo ya Kiislamu. Neno hilohilo kwao limekuwa alcalde, na maana yake leo ni meya. Diwani kwetu ni mjumbe wa kata. Kwao neno hilo lilizaa aduana, yaani forodha, mahali pa kulipia ushuru. Sisi husema "tangu asubuhi hata jioni". Wao husema hasta, kwa maana hiyohiyo ya "mpaka", na asili ni moja. Hata Mhispania Mkristo akitamani jambo husema ojalá, bila kukumbuka kwamba babu zake walilipata neno hilo katika Kiarabu, katika maneno ya kutaja mapenzi ya Mungu.

Lakini msomaji awe mwangalifu. Maneno kufanana si lazima yawe ndugu. Pesa yetu imetoka India. Haina undugu na peso ya Wahispania, ambayo maana yake ni uzito.

MWAKA 1492

Wafalme wa Kikristo wa kaskazini waliendelea kuteka miji ya kusini mmoja baada ya mwingine. Januari 1492 Granada, mji wa mwisho, ulijisalimisha kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando, mume wake. Mwaka huohuo walifanya mambo mengine mawili makubwa.

Kwanza, walitoa amri kwamba kila Myahudi abatizwe au aondoke. Maelfu mengi waliondoka, wakaacha nyumba na makaburi ya wazee wao. Wengine walikwenda Afrika Kaskazini, wengine nchi za Uturuki. Huko wajukuu wao waliendelea kusema Kihispania kwa mamia ya miaka. Walifukuzwa na nchi, lakini lugha hawakuitupa.

Pili, walimpa Christopher Columbus merikebu. Akavuka bahari kuelekea magharibi, akafika visiwa vya Marekani. Hapo ndipo Hispania ilipoanza kuwa dola kubwa. Wenyeji wa huko walikufa kwa wingi kwa vita, kwa kazi za lazima, na zaidi kwa maradhi ambayo hawakuwa wameyazoea. Waafrika walinunuliwa na kupelekwa huko kuwa watumwa. Utajiri wa dola hiyo ulisimama juu ya migongo ya watu.

Waislamu waliobaki Hispania waliahidiwa kwamba wataachiwa dini yao. Ahadi hiyo haikudumu. Walilazimishwa kubatizwa. Hata baada ya ubatizo hawakuaminiwa. Walichunguzwa namna wanavyokula, wanavyooga na wanavyosema. Basi kati ya mwaka 1609 na 1614 wazao wao, walioitwa Moriscos, walifukuzwa. Watu kama 300,000 walipakiwa merikebuni. Walikuwa wamezaliwa Hispania, na baba zao, na babu zao. Lakini waliambiwa: ninyi si wa hapa.

Matokeo yake yalikuwa nini? Wengi wao walikuwa wakulima hodari wa mashamba ya kumwagilia. Jimbo la Valencia lilipoteza karibu theluthi moja ya watu wake. Vijiji vikabaki vitupu, mashamba yakalala. Mwenye shamba alibaki na ardhi, mkulima hayupo.

MFALME WA MADRID NA NGOME YA MOMBASA

Sasa turudi pwani yetu. Sote tumesikia habari za Wareno waliopiga mizinga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Wachache tunajua kwamba kwa miaka 60 Wareno hao walikuwa chini ya mfalme wa Hispania.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1578 mfalme kijana wa Ureno aliuawa vitani Moroko, naye hakuwa na mtoto. Ndugu wa babu yake akashika kiti, naye akafa mwaka 1580. Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, akadai urithi kwa upande wa mama yake, akapeleka jeshi, akaichukua Ureno. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1640.

Kwa hiyo mwaka 1593, ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza Mombasa, waliojenga na kukaa humo walikuwa Wareno, na mwenye taji alikuwa mfalme wa Hispania. Na mwaka 1631 Yusuf bin Hassan alipoasi, aliasi ufalme huo. Yeye alikuwa mtoto wa sultani wa Mombasa aliyeuawa kwa hila. Alichukuliwa mdogo, akapelekwa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala chini ya Wareno. Walifikiri wamemgeuza. Siku moja ya Agosti aliingia ngomeni, akamwua mkuu wa ngome, akaurudia Uislamu. Wareno wengi waliuawa, hata wasiokuwa na silaha. Mwaka uliofuata alihama, na Wareno wakarudi. Ngome walikuja kunyang'anywa na Waarabu wa Oman mwaka 1698.

RIALE, KARATA NA MIHOGO

Wakati huo uliacha alama ambazo tunazishika kila siku. Wazee wa Unguja na Mrima walihesabu mali kwa riale. Asili ya neno ni real, fedha ya Wahispania, na maana yake ni "ya kifalme". Fedha hizo nyingi zilifuliwa kwa madini ya Potosí, katika nchi iitwayo leo Bolivia. Wenyeji wa huko walilazimishwa kuingia mashimoni kuyachimba. Na ile Real ya Real Madrid ndiyo hiyohiyo: timu ilipewa jina la kifalme mwaka 1920.

Chini ya mwembe, wazee wakicheza karata, utasikia kopa, uru na shupaza. Hayo ni maneno ya Wareno: vikombe, dhahabu na panga. Karata za Wahispania nazo zina vikombe, dhahabu na panga mpaka leo.

Na mihogo ya yule mzee wa Mbagala? Mihogo, mahindi, nyanya na mikorosho asili yake ni Marekani. Wahispania na Wareno ndio walioivusha bahari mimea hiyo, na Wareno wakaileta kwenye pwani za Afrika. Chakula tunachokiita cha asili kilikuwa mgeni. Kilipokelewa, kikapandwa, kikawa mwenyeji.

LUGHA ZILIZOZUIWA

Mpaka leo Wahispania si kabila moja. Barcelona iko katika jimbo la Catalonia, na watu wake wana lugha yao, Kikatalani. Kaskazini wako Wabaski. Lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani kote. Kaskazini-magharibi wako Wagalisia, nao wana lugha yao.

Mwaka 1936 vilianza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1939 Jenerali Franco alishinda, akatawala peke yake mpaka alipokufa mwaka 1975. Yeye alitaka nchi moja yenye lugha moja. Lugha nyingine zikaondolewa maofisini na mashuleni. Hata jina la klabu ya Barcelona lilibadilishwa likaandikwa kwa namna ya Kihispania, likarudishwa katika miaka ya 1970. Ndiyo maana timu hizi mbili zikicheza, kwa wazee wa Barcelona si mpira mtupu. Uwanja ulikuwa mahali ambapo mtu aliweza kupiga kelele kwa lugha ya mama yake.

Je, umoja wa kulazimisha ulileta umoja? Haukuleta. Miongoni mwa Wabaski lilitokea kundi lenye silaha. Liliua watu zaidi ya 800, hata baada ya Franco kufa, mpaka lilipojivunja mwaka 2018. Uuaji huo haukuwa na udhuru. Lakini unaonyesha uchungu unavyoweza kuoza ukifungiwa ndani.

Mwaka 1978 nchi ilipata katiba mpya. Ilisema Kihispania ni lugha ya wote, na lugha nyingine ni rasmi katika majimbo yao. Ugomvi haukwisha wote. Mwaka 2017 viongozi wa Catalonia walipigisha kura ya kujitenga, ingawa mahakama ilikuwa imekataza, na nchi ikatikisika.

MAISHA YAO

Mhispania hula chakula kikubwa cha mchana saa 8 au 9. Jioni jua likipungua, wazee na watoto hutoka kutembea barabarani na kusalimiana, kama sisi tunavyokaa barazani. Muziki wao unaojulikana sana ni flamenco, wa kusini. Ulikuzwa hasa na Wagitano, watu walioingia nchini katika karne ya 15 na kudharauliwa muda mrefu. Leo nchi nzima hujisifia muziki wa watu hao waliodharauliwa.

Tena kuna jambo litakalowapendeza wakulima. Mjini Valencia, kila Alhamisi saa 6 mchana, wakulima waliochaguliwa na wenzao hukaa mbele ya mlango wa kanisa kuu. Hilo ni baraza la maji. Mtu aliyeiba zamu ya maji au kuharibu mfereji hushitakiwa hapo. Maneno ni ya mdomo, hakuna wakili, na hukumu hutolewa palepale. Utaratibu wa mifereji hiyo ulikuzwa zamani za Waislamu. Watu wale walifukuzwa, lakini mfereji wao haukufukuzika. Mpaka leo unanywesha mashamba.

TUNAJIFUNZA NINI

Mwaka 2010 Hispania ilishinda Kombe la Dunia hapa hapa Afrika, huko Johannesburg. Wachezaji wake wengi walitoka Barcelona na Real Madrid, timu zile zile zinazotengana kama maji na mafuta. Siku hiyo walipeana pasi.

Vitongoji vyetu vya Kinondoni na Temeke vimejengwa na watu wa kila mkoa. Kabla yao walikuwapo Wazaramo, tangu Dar es Salaam ikiitwa Mzizima. Wageni walipokelewa, wakauziwa viwanja, wakaoa na kuolewa. Kiswahili kilituunganisha. Haya si mambo ya kuchezea. Hispania ilipowaambia watu waliozaliwa humo "rudini kwenu", ilibaki na mashamba yasiyo na wakulima. Ilipowaambia "acheni lugha yenu", ilivuna chuki. Kwa hiyo tuwapokee wanaokuja, na wala tusiwasahau waliotupokea. Na nyumbani tusione haya kuwafundisha watoto Kizaramo, Kingoni au Kimakonde pamoja na Kiswahili.

Mpira ulipokwisha siku ile, tulitoka pamoja na yule mzee. Nje alimwita kijana aliyesema "rudi kwenu". Kijana akaja, akainama: "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Nisalimie. Mwambie aliyemkatia kiwanja anamsalimu. Alitoka Songea na begi moja, nikampa na mbegu ya muhogo."

Kijana alitazama chini. Halafu akarudi ndani kumtafuta mwenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja maneno manne ya Kihispania yanayofanana na ya Kiswahili. Kwa nini yanafanana?
2. Hispania ilipata hasara gani ilipowafukuza Moriscos?
3. Fort Jesus ilijengwa na Wareno. Mfalme wa Hispania anahusikaje?
4. Katika mtaa wako, nani walikuwapo kwanza? Wewe au wazazi wako mlipokelewa na nani? Waulizeni wazee, kisha andikeni majibu yao.